Fundi Masika na Magurudumu Mawili ya Mshipi

Pale Wesha, mtu akitaka kununua mtumbwi, msumeno au hata kitanda, kwanza alikwenda kumuuliza Masika bin Nyange. Masika alikuwa fundi wa vyombo. Alikuwa ameshaunda madau na mashua kwa miaka mingi, na hakuna hata kimoja kilichorudishwa kwake kwa kuvuja. Watu walimwamini katika mbao, na kwa kuwa walimwamini katika mbao wakaanza kumwamini katika kila kitu. Hatari ilianzia hapo. Mtu anayeulizwa kila siku husahau namna ya kukiri kuwa hajui, na Masika alikuwa ameshaota mvi za kidevuni bila ya kukiri hivyo mbele ya mtu yeyote.

Dada yake, Time, aliolewa Chokocho, kusini ya kisiwa, na mvuvi wa mshipi jina lake Nassor. Nassor alikuwa mvuvi hodari mpaka siku samaki mkubwa alipomvuta ghafla, mshipi ukampita katika kiganja cha kushoto na kumkata hadi ndani. Jeraha lilipona, lakini vidole vitatu vilibaki vimenyooka, havikunjiki. Tangu hapo alivua karibu na ufukwe, vijisamaki vya kitoweo cha siku moja, na kila alipowaona wenzake wakirudi kutoka kwenye kina aliinamisha kichwa akajifanya anashughulika na ndoana zake.

Mwaka 1959 zikamfikia habari kwamba karani mmoja Mgoa pale Wesha anahama, na miongoni mwa vitu anavyouza mna magurudumu mawili ya kuvulia. Wakati ule hicho kilikuwa kitu kigeni kwa wavuvi wetu. Ni duara la ukubwa wa kisahani, linazunguka juu ya pini moja iliyosimama katikati, na mshipi huzongwa pembeni mwake. Samaki akivuta, duara huzunguka na mshipi hutoka wenyewe. Mvuvi hulizuia kwa kuligusa kwa kidole gumba. Kwa mtu ambaye mkono wake haufumbi tena, kitu hicho kilikuwa kama kupewa mkono mwingine.

Nassor akapanda gari mpaka Chake, akateremka Wesha kwa miguu, akabisha hodi kwa shemegi yake.

“Fundi, macho yangu mie ni ya samaki,” alisema. “Mambo ya viwandani siyajui. Utakalolichagua weye ndilo nitakalolichukua.”

Wakaenda kwa karani. Karani akayaweka magurudumu yote mawili juu ya meza barazani, akaenda kuagiza chai.

La kwanza lilikuwa la mbao nyeusi iliyosuguliwa ikang'ara, mgongoni limepigiliwa shaba iliyokatwa mfano wa nyota, na vipini vyake viwili vilikuwa vya pembe. La pili lilikuwa la madini meupe mepesi, kama ya sufuria, limetobolewa matundu mduara mzima, na pini yake ya chuma ilionekana waziwazi. Karani alitaka bei kubwa zaidi kwa lile la mbao.

Masika alilitwaa la mbao kwanza. Alilitikisa karibu na sikio, halikutoa sauti. Akajaribu kulisogeza huku na huku juu ya pini yake, halikucheza hata kidogo. Akapitisha ukucha pale mbao ilipokutana na shaba, na ukucha haukupata pa kuzama. Moyo wake ukaridhika, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kupima ubao na taruma lake, ule ubavu wa chombo. Kisha akatwaa lile jeupe. Alipolitikisa likalia tik. Duara lake lilisogea kidogo, kiasi cha unene wa karatasi. Akalisukuma kwa kidole, likaanza kuzunguka, na karani aliporudi akamimina vikombe vitatu vya chai lilikuwa bado linazunguka.

“Hebu litazame!” alisema Nassor, uso umemchangamka. “Kama pia!”

“Linazunguka kwa kuwa limelegea,” Masika akajibu. “Umewahi kuona chombo kinacheza viungo kikafika salama?”

Karani aliweka buli chini. Alikuwa mtu wa maneno machache. “Fundi, mimi nikienda baharini huchukua hili jeupe,” alisema. “Hili la mbao lilikuwa la baba yangu. Yeye alilitumia mtoni, siku za jua. Bei yake ni kubwa kwa sababu ya uzuri wake, watu hulipenda kwa sura. Lakini kama ni kwa kazi ya maji ya chumvi…”

Masika alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuuona mtego. Akamvuta Nassor mkono mpaka chini ya ngazi.

“Umemsikia? Anataka kutubebesha kibovu, kizuri abaki nacho.”

“Lakini hicho kizuri ndicho cha bei kubwa, shemegi. Angekuwa anataka faida si angetusukumia hicho?”

“Weye kavue samaki, mambo ya ufundi niachie mie.”

Nassor akacheka, akasalimu amri. Nami nasema pasipo kuficha: Masika alikuwa amemdhania ubaya mtu aliyemwambia kweli, tena kweli iliyompunguzia muuzaji fedha zake mwenyewe. Ishara gani nyingine ya uaminifu mtu angeitaka? Lakini aliyezoea kusikilizwa hupoteza masikio.

Wakanunua la mbao. Karani, kwa wema wake, akawapa juu yake gurudumu jingine kuukuu la namna ile ile, lililovunjika vipini, ili wakihitaji misumari ya skrubu wachukue humo. Masika akalitia katika pakacha la zana zake. Halafu akamtengenezea Nassor kibao cha mfenesi cha kukalishia gurudumu, na mikanda miwili ya ngozi ya ng'ombe ya kukifunga kibao hicho kwenye mkono wa kushoto, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, kwa vile vidole vyenyewe visingeweza kushika. Alikaza mikanda, akavuta, akavuta tena.

“Hapa hata papa hakung'oi,” alisema.

“Na maji je? Mshipi utakuwa unarudi umerowa.”

“Maji yatalikaza zaidi. Mbao njema haiogopi maji. Lipake mafuta ya papa kama unavyopaka mtumbwi, basi.”

Nassor akaondoka na gurudumu lake limefungwa kwenye kitambaa, amelikumbatia kama mtoto aliyetoka kutahiriwa.

Baada ya hapo Masika alirudi kwenye dau alilokuwa akilitengeneza. Alimaliza kulitia kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, na kama ilivyo desturi ya mafundi wa vyombo, alilijaza maji ya bahari hadi nusu, akaliacha lilale hivyo. Mbao kavu hunywa maji, huvimba, na kwa kuvimba hubanana mpaka pasibaki mwanya wa kupita sindano. Fundi asiyefanya hivi humkabidhi mtu kaburi. Jambo hili Masika alilijua toka utoto wake, na alilifanya bila ya kufikiri.

Asubuhi yake alishuka pwani na upo, akaanza kuyatoa maji. Chini kabisa akaona pakacha lake la zana limezama. Alikuwa amelisahau humo. Akalipandisha, akamwaga nyundo, patasi, na lile gurudumu kuukuu la karani. Akaliokota ili alifute. Mkono wake ukajaribu kulizungusha, kwa mazoea tu. Halikuzunguka.

Akatia nguvu, na bado halikwenda. Akaliweka juu ya gogo, akaligonga kwa nyundo ya mbao ili duara litoke kwenye pini. Halikusogea. Mbao ilikuwa imevimba ikaikaba pini pande zote, na ubavu wa duara ulikuwa umegandamana na kibao cha mgongo kana kwamba vimezaliwa pamoja. Na mafuta ya papa, ambayo juzi alilipaka hilo nalo, yamekuwa ulimbo.

Mkewe, Khairiya, aliteremka na birika la chai na mihogo akamkuta amekaa juu ya gogo, gurudumu mikononi, kijasho kinamtoka na jua halijapanda.

“Kulikoni, mume wangu? Umeumwa na nini?”

“Nassor anatoka lini kwenda kwenye kina?”

“Si Time alituma salamu jana? Kasema wanangoja maji mafu, mkondo upungue nguvu, na maji mafu yameanza leo.” Khairiya akamtazama. “Kwani pana nini?”

Masika aliliweka gurudumu kando ya gogo. Alikuwa anaiona ile mikanda miwili. Kama asingekifunga kitu kile mkononi mwa Nassor, kingekwama na Nassor angekitupa baharini, likaisha jambo. Lakini yeye, kwa mikono yake, alikuwa amemfunga mtu kwenye kitu ambacho kitagoma kuzunguka, na upande wa pili wa mshipi kutakuwa na samaki. Nassor angekuwa peke yake katika mtumbwi, na maneno yale, hata papa hakung'oi, aliyatamka yeye.

Aliondoka bila ya kunywa chai.

Kutoka Wesha mpaka Chake alikwenda kwa miguu, karibu na kukimbia, na kwa bahati akalikuta gari la Kengeja linapakia. Lakini gari la abiria halimjui mwenye haraka. Utingo alipandisha magunia, akashusha magunia, akagombana na bibi mmoja kwa sababu ya kuku. Ndani ya gari watu walikuwa wakibishana habari za vyama. Miaka ile ya uchaguzi ubishi haukukosekana hata msibani. Mzee mmoja akamgeukia.

“Nawe fundi, unasemaje? Nani mwenye haki?”

“Niwie radhi, mzee wangu.”

“Ala! Fundi Masika hana la kusema leo!” Watu wakacheka.

Masika alitazama barabara. Kila kilima gari lilinguruma likaenda mwendo wa konokono. Alijaribu kujifariji. Huenda Nassor hajatoka, huenda watoto wana homa, huenda gurudumu lake jipya si sawa na lile kuukuu. Kisha akakumbuka alivyoupitisha ukucha pale kwenye shaba, na ukucha haukuzama. Hapakuwa na nafasi ya mbao kuvimbia. Kile kile alichokisifu ndicho kitakachoua. Na lile jeupe lililolia tik lilikuwa na nafasi, tena fundi aliyelitengeneza aliiacha makusudi. Madini hayanywi maji, na matundu yale yaliwekwa ili mshipi uliorowa ukauke na maji yapate pa kutokea. Yote hayo karani alikuwa tayari kumwambia, kama angemwachia amalize sentensi yake.

Akashuka Kengeja, akashika njia ya Chokocho kwa miguu, akipita kwenye mihogo na migomba bila ya kuwaitikia vizuri waliomsalimu. Adhuhuri ilikuwa imeshaingia alipotokea penye nyumba ya dada yake.

Time alikuwa uani anapeta mchele, pamoja na jirani yake, Mwanawema, mwanamke wa mzaha asiyeacha mtu apite.

“Shikamoo, kaka! Mbona hukuleta habari kama unakuja?”

“Fundi kaja kutazama cherehani yake,” akadakia Mwanawema. “Nassor kaivaa tangu alfajiri kama bi harusi na bangili. Kapita njia nzima mkono juu, ati watu waone!”

“Katoka?” Masika aliuliza.

“Katoka zamani,” Time alisema, na sasa alikuwa ameweka ungo chini. “Kakata shauri aende nje ya Kisiwa Panza, kwenye maji meusi. Kaka, una nini? Nambie.”

“Lile gurudumu litanata.”

“Litanata vipi? Si weye uliyesema…”

“Nilisema.”

Time alimtazama kaka yake, kisha akatazama upande wa bahari, ambayo kutoka pale haionekani kwa mikoko. Akajifunga kanga kiunoni. “Nenda kwa Jecha. Yeye hajatoka, anashona tanga. Nenda, kaka, usisimame hapa!”

Jecha alikuwa jirani na mvuvi mwenziwe Nassor, kijana mwenye nguvu na domo refu. Masika alimwambia tu kwamba anataka kufikishwa alipo shemegi yake, sasa hivi. Jecha hakuuliza mara mbili. Alidhani fundi amekuja na hamu ya kuona kazi yake. Wakausukuma mtumbwi, wakashika makafi.

“Kile kitu chako, fundi, kijiji kizima kinakitaka,” Jecha alisema huku anapiga kafi. “Mie nimeshamwambia mama watoto tuuze yule mbuzi. Ndugu zangu wawili nao wako radhi. Tunakungoja weye tu utuambie lipi la kuagiza.”

“Msiagize kwanza.”

“Kwa nini? Bei itashuka?”

“Piga kafi, Jecha.”

Masika alijua kwamba pale pale ilimpasa aseme, na hakusema. Alijipa udhuru kuwa sasa ni wakati wa kupiga kafi. Mtu hakosi udhuru wa kuchelewesha kweli, na kila anapoichelewesha huzidi kuwa nzito.

Wakazunguka ncha ya Kisiwa Panza, maji yakageuka kutoka kijani kuwa buluu, kisha kuwa meusi. Palikuwa na mitumbwi miwili mbali, imetia nanga, watu wake wameinama. Hakuna iliyokuwa ya Nassor. Jecha akasimama, akatia kiganja juu ya macho.

“Yule pale. Mbona anakwenda?”

Mtumbwi wa Nassor ulikuwa ukienda wenyewe. Hakuna kafi lililokuwa likipiga, wala tanga, na ulikwenda kinyume cha mkondo, polepole, ukisita na kuanza tena. Ndani yake mtu hakuonekana amekaa. Masika akazidisha kafi. Walipokaribia ndipo walipomwona: Nassor alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukingo, mkono wa kushoto umenyooka nje mpaka kiwiko kinagusa maji, na wa kulia umekumbatia ubao wa kukalia. Kisu chake kilikuwa miguuni mwake. Kukichukua ilibidi auachie ule ubao, na akiuachia angekwenda yeye na samaki.

“Nassor!” Masika akaita.

“Msije upande huu!” Sauti ilikuwa imekauka. “Mtanipindua! Piteni huko, upande wa pili!”

Jecha akauleta mtumbwi ubavu kwa ubavu, akaushika wa Nassor kwa mikono miwili na kuukandamiza. Masika akavukia humo kwa magoti, akaokota kisu, akanyoosha mkono juu ya mgongo wa shemegi yake. Mshipi ulikuwa umekaza ukilia kama uzi wa udi wa taarabu. Gurudumu lilikuwa limesimama kabisa juu ya mkono ule. Jeusi, zuri, linang'ara. Akaugusa mshipi kwa makali ya kisu tu, ukakatika kwa mlio, mtumbwi ukaruka upande na wote watatu wakabaki wameshikana ili wasizame.

Hakuna aliyemwona samaki.

Masika akaanza kufungua mikanda. Ngozi ilikuwa imerowa na kujikaza, imezama kwenye nyama, ikabidi aikate. Mkono uliotoka chini yake ulikuwa umevimba, umegeuka rangi, na kifundo chake kilikuwa kimepinda vibaya. Nassor alikunja uso lakini hakupiga kelele.

“Asubuhi lilikwenda vizuri,” alisema baadaye, ameegemea ubao, Jecha akiufunga mtumbwi wao nyuma ya wake. “Nikapata wawili wadogo. Kisha likawa zito. Nikasema ni mkono wangu umechoka. Kisha akaja huyu, likazunguka mara moja, likafa.”

“Mkubwa sana?” Jecha aliuliza.

“Wa kawaida tu. Zamani ningempandisha na huku napiga soga.”

“Basi ni mchanga,” Jecha akasema kwa uhakika. “Mchanga umeingia kwenye pini. Ulilitua chini pwani, sivyo?”

“Labda,” Nassor akajibu. “Nililitua kidogo.”

Wote wawili wakamtazama fundi athibitishe. Na hapa niseme kwamba lango lilikuwa wazi kabisa. Kutikisa kichwa mara moja kungetosha: mchanga, uzembe wa mvuvi, na jina la fundi lisingeguswa. Hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumkanusha. Masika alifungua mdomo, akaufunga, akashika kafi. Njia nzima ya kurudi alipiga kafi bila ya kuinua macho, kwa maana asubuhi alikuwa akimwogopea Nassor na sasa anajiogopa mwenyewe.

Pwani watu walikuwa wamekusanyika. Time alikuwa amekwisha kuwapa habari. Wakamteremsha Nassor, wakamweka juu ya mkeka, akaitwa mganga wa viungo. Wanaume wakalizunguka gurudumu, wakalipokezana, kila mmoja akijaribu kulizungusha.

“Mchanga,” Jecha alikuwa akiwaambia. “Nassor kalitua pwani. Nyinyi mkinunua yenu msifanye hivyo.”

“Si mchanga,” Masika akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi arudie.

“Si mchanga, wala si Nassor. Kosa ni langu. Mie najua vyombo. Chombo, mbao zake zikivimba, ndiyo salama yake, na mie nikalipima gurudumu hili kama ninavyopima dau. Kumbe hili likivimba limekufa. Palikuwa na jingine, jeupe, halina uzuri, na mwenyewe karani aliniambia ndilo la baharini. Sikumsikiliza, nikamwona mwongo. Sikuwa nalijua gurudumu la mshipi hata kidogo, na shemegi yangu aliponiuliza nikajifanya najua. Jecha, mbuzi wako usimuuze kwa neno langu. Wala mtu mwingine asinunue kwa neno langu.”

Kisha Mwanawema, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akapaza sauti kutoka nyuma:

“Na kile kitanda ulichonichagulia Chake, fundi, nacho kitanata? Nihame leo?”

Kicheko kikapasuka pwani nzima. Masika alikipokea amesimama, macho chini. Time hakucheka. Alikuwa amempakata Nassor kichwa, na alimtazama kaka yake kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo.

“Ungeyasema haya kule Wesha,” alisema.

Mganga alisema mfupa wa kifundo umepasuka. Aliufunga kwa vibanzi na vitambaa, akakataza mkono ule usiguse kazi mpaka atakaporuhusu yeye. Masika akamtumia Khairiya habari amwambie mwenye dau kwamba chombo kiko tayari, na kwamba yeye mwenyewe hatarudi kwa sasa. Aliomba pia salamu zake zimfikie yule karani, pamoja na maneno ya kumtaka radhi. Jibu lililorudi lilisema karani amekwisha safiri, na lile gurudumu jeupe limenunuliwa na mtu wa Unguja. Masika hakumwona tena karani mpaka mwisho wa maisha yake, na radhi ile hakuipata.

Nassor alikuwa na madema kadhaa, ile mitego ya samaki ya kusukwa, aliyoyaacha siku nyingi, akiyadharau kama uvuvi wa wazee. Sasa ndiyo yaliyobaki ya kulisha nyumba. Kila maji yalipofaa Masika alitoka nayo, na Nassor, aliyeshindwa kukaa uani kusikiliza mizaha ya Mwanawema, alipanda naye akaketi mbele, mkono umefungwa shingoni, akitoa amri.

“Kafi unalishika kama mwiko wa pilau, fundi.”

“Nimezoea kuunda, si kupiga makafi.”

“Naona. Ungekuwa unavua weye, Time angekula majani.”

Masika alipiga kafi. Viganja vyake, vilivyozoea tezo na msumeno, vilikuwa vimetoka malengelenge ya kamba, na malengelenge yamepasuka. Hakuyataja.

Siku moja, walipokuwa wakingoja maji yatulie, Nassor alisema kitu alichokuwa amekaa nacho muda.

“Lile jeupe lilikuwa likizunguka. Nililiona. Nikajiambia: hiki ndicho ninachokitaka, kitu kitakachozunguka samaki akivuta. Nililiona kwa macho yangu, nikayaweka macho yangu kando nikachukua yako.”

“Uliniamini.”

“Nilikuamini. Na sasa nikikuamini itakuwa kwa dau tu.” Akajikuna chini ya kitambaa cha mkono. “Nikipata jingine siku moja nitalichagua mwenyewe. Nitalitia majini siku nzima kwanza, mbele ya mwenye kuliuza, akitaka akasirike.”

“Na mkanda?”

“Mkanda sitaki. Nitalifunga kwenye ubao wa mtumbwi. Likigoma, ligombe na ubao.”

Masika alikuwa ameyatafuta maneno yake tangu siku ile ya pwani, na sasa aliyatoa yalivyokuwa. “Nassor, nakuomba unisamehe.”

Nassor hakugeuka. Alikuwa anaangalia boya la makumbi ya nazi lililokuwa likielea mbele yao, na kwa kidole cha mkono mzima akalielekeza.

“Madema kwanza, shemegi. Dema lile bado hujaliinua,” alisema. “Liko kwenye kina, na zito. Vuta taratibu, usilikwaruze kwenye mwamba.”

Masika akaweka kafi ndani, akainama, akaishika kamba kwa viganja vyake vibichi, akaanza kuvuta.